Pasi na Kiti

Mama alipolisikia neno pasi
aliinua uso kutoka kwenye ungo wa mchele:
"Ya makaa au ya umeme?
Huko Ulaya hawana za kunyooshea nguo?"

Pasi ya reli, mama. Haroub kainunua, imo ndani ya simu,
siku nne za kupanda katika mwezi mmoja,
na siku unazichagua mwenyewe
kama unavyolipa deni la saumu.

"Basi yamekwisha."

Hayajakwisha. Pasi ni ruhusa ya safari.
Kiti ni habari nyengine, na kina bei yake.
Nimesoma masharti mpaka macho yakaingia ukungu:
Milano hadi Basel, kiti lazima;
Basel hadi Bern, kaa upendapo.
"Na huko kwenye lazima, nisipokikata, nitasimama?"
Hupandi, mama.
Akacheka: "Kumbe miye nina pasi na kiti sina.
Pasi na kiti..."
akanyamaza, akayasikia aliyoyasema,
akarejea kwenye chuya zake.

Mimi treni sijaipanda.
Nakaa Bububu, ambako reli ilikuwepo
zama za bibi yake mama, ikang'olewa, likabaki jina.
Wengine husema ndio mlio wa garimoshi,
wengine husema ni chemchem;
wanabishana hadi leo penye kahawa,
na hapana hata mmoja aliyewahi kukata tiketi.

Lakini stesheni masta wa ukoo ni mimi.
Usiku, bando likiwa rahisi,
nawapanga watu mabehewani:
Sheikha na mapacha wake, karibu na choo;
Mbarouk anayekoroma, mbali na behewa la kimya.
Najua Olten unabadilisha kwa dakika saba,
jukwaa la kumi na mbili, ngazi za kushoto.
Sijui Olten inanukaje.

Jina la abiria? Naandika: Mgeni.
Ndilo jina lake hasa, alilopewa siku ya saba.
Utazame mbele au nyuma?
"Mbele. Nyuma nimeshakuona, miaka sabini na mmoja."
Dirishani au njiani?
"Dirishani. Lakini nisikae peke yangu."

Behewa la tano, kiti cha sitini na mbili.
Wamekushikia dakika kumi na tano,
zinahesabika zenyewe kurudi chini.
Kumi na nne. Kadi ya Haroub.
Kumi na moja. Namba ya siri imekwenda kwenye simu yake,
naye yuko kazini, glavu mikononi.
Tisa. Namwandikia. Namwandikia tena.
Saba,
na tukuza ikamaliza uniti ya mwisho.
Kompyuta hii betri yake ilikufa zamani.

Kiza. Feni ikamalizia mizunguko iliyobaki.
Na sauti ya mama: "Sasa nani kakikalia?"

Harusini sisi huweka mkoba, huweka kanga,
hata kiatu cha mtoto,
na hapana atakayethubutu kukaa.
Mkoba gani niuweke Milano?

Nikawasha tochi ya simu.
Nikamkuta ukumbini, kalivuta benchi hadi dirishani,
kavaa baibui, kapakata mkoba,
miguu pamoja, kidevu juu, kama kwenye picha ya pasipoti.
Nje ya dirisha: pipa la maji la jirani
na mpapai mmoja ambao hauendi popote.
"Najaribu," akasema. "Nisije nikakosea mbele za watu."

Dakika ya pili Haroub akajibu.
Tarakimu sita. Nikazibonyeza kwa simu, kidole kikiteleza kwa jasho,
kigurudumu kikaanza kuzunguka,
kikazunguka.

"Kimepatikana?"

Bado kinafikiri, mama.

Akajisogeza kidogo kwenye benchi,
akamwachia nafasi huyo atakayekaa naye.